Sumu Si Mlinzi wa Shamba, na Mtoto Si Kinyago cha Kutishia Ndege



Kila msimu mtama unapoanza kutia maziwa na mpunga unapoinamisha masuke, wilaya yetu ya Kasese huingia katika vita visivyotangazwa redioni. Kuanzia vilima vya Mahango hadi mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku, na kuteremka hadi Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe, mkulima huamka kabla ya jua ili ashindane na ndege. Mnana hushuka makundi kwa makundi, njiwa hufukua mbegu zilizozikwa jana, na mwewe huzunguka juu ya vifaranga. Anayecheka malalamiko ya mkulima huyu hajawahi kulima.

Lakini katika vita hivi zimezoeleka silaha mbili ambazo raia mwema hana budi kuzikataa. Ya kwanza ni sumu, yaani nafaka iliyochanganywa na dawa ya wadudu na kutawanywa pembezoni mwa shamba. Ya pili ni mtoto, anayetolewa darasani na kusimamishwa katikati ya mpunga apige debe tangu alfajiri hadi magharibi. Nasema bila kuuma maneno: silaha zote mbili zinamuumiza mwenye shamba kuliko ndege.

Tuanze na sumu. Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Sumu ndiyo mtego huo. Punje iliyotiwa dawa haijui tofauti kati ya mnana mharibifu na korongo taji apitaye shambani akiokota mbegu na panzi. Korongo huyo ndiye aliyesimama katikati ya bendera ya Uganda na kuishika ngao ya taifa, na tangu mwaka 2012 ameorodheshwa duniani miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Tunampigia saluti asubuhi shuleni, kisha tunamtegea kifo mchana shambani. Huo ni uzalendo wa namna gani?

Wala mauti hayaishii kwa aliyeila punje. Tumbusi hula mzoga, na mzoga wenye sumu humfanya naye kuwa mzoga. Mwezi Aprili 2018, karibu na kijiji cha wavuvi cha Hamukungu, hapa hapa Kasese, simba 11 walikutwa wamekufa, 8 kati yao wakiwa watoto, na iliyoshukiwa ni sumu. Mwezi Machi 2021, huko Ishasha, upande wa kusini wa hifadhi hiyo hiyo ya Queen Elizabeth, walikutwa simba 6 wamekufa, na kando yao tumbusi 8. Hao hawakuuawa kwa ajili ya ndege wa mtama, lakini funzo ni moja: sumu ikishatoka mkononi haina tena mwenyewe. Na tumbusi akiisha, nani atausafisha mzoga wa ng'ombe kabla haujaoza na kuleta maradhi? Ndege huyo ni mfanyakazi wa afya asiyelipwa mshahara.

Pengine utasema, "Simba na tumbusi si shida yangu, mimi nina watoto wa kulisha." Vema, tuzungumze juu ya watoto. Dawa za jamii ya kabofurani, ambazo Afrika ya Mashariki zilijulikana sana kwa jina la Furadan, hushika mishipa ya fahamu. Mtu aliyezila hutokwa na mate, hutoa jasho, mboni za macho husinyaa, na pumzi humwishia. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, wawindaji walikuwa wakiwaua korongo kwa dawa hiyo hiyo katika mashamba ya mpunga na kuwauza kama kitoweo. Fikiri, msomaji: ndege aliyekufa kwa sumu, sufuriani, mezani, kinywani mwa mtoto. Kadhalika maji. Mito ya Rwenzori haisimami. Mubuku na Nyamwamba huelekea ziwa George, ambalo mwaka 1988 liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Nyamugasani huelekea ziwa Edward. Tunachokimwaga mlimani twaweza kukutana nacho tena ndani ya samaki tunayemnunua sokoni.

Na baada ya hasara yote hiyo, je, sumu huwamaliza ndege? Hesabu yenyewe yakataa. Kweleakwelea mmoja hula takriban gramu 10 za mbegu kwa siku. Kundi la ndege 100,000 hula basi tani moja kila siku, na makundi ya ndege huyu huweza kufika mamilioni. Konzi ya nafaka yenye sumu itaua ndege wachache, na kesho nafasi yao itajazwa na wengine. Hata serikali zenye ndege za kunyunyizia dawa hazijashinda vita hivi. Januari 2023 Kenya ilinyunyizia dawa makundi ya kweleakwelea yaliyovamia mpunga wa Kisumu, baada ya miaka mingi ya kunyunyizia kwingineko, na bado ndege hao wapo. China nayo ilitangaza vita dhidi ya shomoro mwaka 1958. Watu walipiga masufuria hadi ndege wakaanguka kwa uchovu. Shomoro walipopungua, wadudu waliokuwa wakiliwa nao walizidi, na mwaka 1960 shomoro akaondolewa kwenye orodha ya maadui. Hata mnana wetu, mla nafaka, huwalisha makinda yake wadudu.

Sasa tuje kwenye silaha ya pili. Kiswahili kina kitenzi maalumu cha kazi hii: kuamia, yaani kulinda mazao yasiliwe na ndege. Kina pia jina la jukwaa analopanda mlinzi: dungu. Lugha haitungi maneno kwa jambo dogo. Kuamia ni kazi kamili, yenye saa zake na ustadi wake, na kazi kamili yahitaji mtu mzima aliyeikubali.

Tupige hesabu nyingine. Tuseme nafaka yahitaji ulinzi kwa majuma 4, tangu kutia maziwa hadi kuvunwa. Mtoto anayelinda siku 5 za shule kwa kila juma hupoteza siku 20. Kwa misimu miwili ya mwaka ni siku 40. Kwa miaka 7 ya shule ya msingi ni siku 280, nazo ni zaidi ya mwaka mzima wa masomo. Kisha tunashangaa mbona mtoto huyo ameshindwa mtihani wa darasa la saba, na tunamlaumu mwalimu!

Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 34, inamkinga mtoto dhidi ya kazi inayoingilia elimu yake. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inasema elimu ya msingi ni ya wote na ni ya lazima. Elimu ya msingi kwa wote imekuwepo nchini tangu mwaka 1997; haikuanzishwa ili mpunga upate walinzi wa bure. Wala simkatazi mzazi kumfundisha mwanawe jembe. Mtoto asaidie Jumamosi, asaidie baada ya masomo, ajifunze kupenda ardhi. Kumfundisha kazi ni malezi. Kumfanya kinyago cha kutishia ndege siku za shule ni kumwibia.

Utaniuliza, "Basi, mwalimu, nifanye nini? Nikae nikitazama mavuno yakiruka?" La. Ndege hula zaidi asubuhi mapema na jioni. Jua la mchana huwapumzisha. Kaya 10 zenye mashamba yanayopakana zikigawana zamu kwa saa hizo, kila kaya itatoa mtu mzima mmoja mara chache kwa juma, na mtoto atabaki darasani. Majirani wapande kwa wakati mmoja, maana shamba linaloiva peke yake ndilo linalobeba kundi zima. Nafaka ivunwe mara inapokauka vya kutosha, isiachwe ikiwangoja ndege. Palizi isicheleweshwe, kwa kuwa mbegu za magugu huwaita ndege kabla mazao hayajaiva. Kitalu na kipande kidogo chenye thamani kifunikwe kwa wavu. Vinyago na kanda za kumetameta vihamishwe kila baada ya siku chache, kwani ndege huzoea upesi kisichosogea.

Na mtego? Mtego si dhambi. Katika wilaya ya Kondoa, nchini Tanzania, wanakijiji wamezoea kuwanasa kweleakwelea kwa matenga na nyavu na kuwafanya kitoweo. Adui wa shamba akageuka mboga, bila tone la sumu. Lakini mtego una adabu zake. Uwe wa kunasa mzima, ukaguliwe kila siku, na asiyehusika aachiwe aende zake. Ulimbo haufai, kwa maana humnyonyoa mwema na mwovu sawasawa. Tena, kwa mujibu wa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, wanyamapori wako chini ya dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo muulize kwanza afisa wa kilimo au wa wanyamapori, na kamwe usitege ndani ya hifadhi.

Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la shamba moja na kuwa la uraia. Ibara ya 39 ya Katiba inakupa haki ya mazingira safi na salama. Ibara ya 17 inakupa wajibu wa kuyalinda. Haki na wajibu hutembea pamoja kama macho mawili. Unao wajibu wa kuacha sumu, na unayo haki ya kudai msaada ili usiihitaji. Mkutano wa kijiji wa LC1 unaweza kupanga zamu za kuamia na kukataza mtoto kuonekana shambani saa za masomo. Mkutano wa bajeti wa gombolola unaweza kuulizwa: nyavu za vikundi vya wakulima ziko ukurasa gani? Afisa wa kilimo alifika lini katika parishi yetu? Nani anakagua maduka yanayouza dawa kali kwa kipimo cha kijiko, ndani ya karatasi isiyo na jina wala onyo?

Maswali haya hayahitaji shahada. Yahitaji watu waende mkutanoni na wasikae kimya. Mwanasiasa anayekuja Mahango au Bwera kuomba kura amezoea kuulizwa habari za barabara na sukari. Muulize habari za ndege, nawe utaona jinsi atakavyotafuta jibu. Akikosa jibu leo, atakuja nalo kesho, mradi tusichoke kuuliza.

Msimu ujao u karibu. Kabla suke la kwanza halijatia maziwa, kaa na jirani zako, andikeni zamu, na dungu lijengwe na watu wazima. Ile chupa iliyofichwa nyuma ya ghala isifunguliwe. Na kengele ya shule ikilia, kila mtoto wa kijiji awe ameketi mahali pake.