Bwana Shamba Azungumza: Mzee Yacouba na Mashimo Yake



Mwezi huu sizungumzi juu ya dawa za wadudu wala bei za mbegu. Nataka tumkumbuke mkulima mwenzetu mmoja. Jina lake ni Yacouba Sawadogo. Alifariki dunia tarehe 3 Desemba, 2023, akiwa na umri wa miaka 77.

Mzee Yacouba alikuwa mkulima wa jembe la mkono. Alikuwa Mwislamu, na alikuwa baba wa familia kubwa. Aliishi katika kijiji cha Gourga, karibu na mji wa Ouahigouya, katika nchi ya Burkina Faso, Afrika ya Magharibi. Zamani nchi hiyo iliitwa Volta ya Juu. Jina la sasa lilianza mwaka 1984.

Hakupata elimu ya shule. Alipokuwa mtoto wazazi wake walimpeleka nchi jirani ya Mali kusoma Kurani. Aliporudi kwao akafanya biashara sokoni. Biashara haikuwa mbaya. Lakini moyo wake ulikuwa shambani.

NJAA ILIPOKUJA

Katika miaka ya 1970 na 1980 ukame mkubwa uliipiga sehemu hiyo ya Afrika. Mvua zilikuwa chache. Mtama na uwele vilikauka. Ng'ombe walikufa. Ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Mvua iliponyesha, maji hayakuingia ardhini. Yalipita juu na kuondoka na udongo.

Watu wengi walihama. Wengine walikwenda mjini, wengine nchi za jirani. Karibu na mwaka 1980 Mzee Yacouba naye aliondoka mahali pake. Lakini yeye hakwenda mjini. Aliacha biashara sokoni akarudi kulima ardhi ile ile ambayo wenzake waliikimbia.

ALIFANYA NINI?

Wazee wa kwao walikuwa na desturi ya kuchimba mashimo madogo katika ardhi mbovu. Waliyaita zaï. Mzee Yacouba hakuidharau desturi hiyo. Aliitengeneza iwe bora zaidi.

Kwanza, aliyafanya mashimo yawe mapana na marefu kwenda chini kuliko yale ya zamani.

Pili, aliweka samadi ndani ya kila shimo.

Tatu, aliyachimba wakati wa kiangazi, kabla ya mvua.

Samadi iliwaita mchwa. Sisi tunawachukia mchwa kwa sababu wanakula nyumba zetu. Lakini katika mashimo yale mchwa walifanya kazi ya mkulima. Walitoboa njia ndogo ndogo chini ya ardhi. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yalikusanyika shimoni, yakapita katika njia hizo, yakakaa chini. Mtama ulikuta maji na chakula pamoja.

Pia alipanga mawe kwa mistari kukingama mteremko wa shamba. Mawe hayazuii maji kabisa. Yanayapunguza mwendo ili yapate muda wa kuingia ardhini, na udongo unabaki shambani.

WALIMWITA MWENDAWAZIMU

Majirani walimcheka. Mtu gani anachimba jiwe la ardhi katika jua la kiangazi, wakati wenzake wamepumzika? Walisema ana wazimu. Wengine walikasirika kwa sababu aliiacha desturi. Watu walichoma moto shamba na miti yake.

Yeye hakulipiza. Alianza tena. Watu walipoona ghala lake lina mtama wakati wa njaa, kicheko kikaisha. Wakaja kuuliza.

Hapo ndipo tunaona moyo wake. Hakuuza maarifa yake. Tangu mwaka 1984 alifanya siku za soko nyumbani kwake, mara mbili kwa mwaka. Wakulima wa vijiji vingi walileta mbegu zao, wakabadilishana, wakafundishana. Wakulima kutoka nchi ya Niger nao walikwenda sehemu hiyo kuona, wakarudi kwao wakachimba.

MSITU WAKE

Samadi ilikuwa na mbegu za miti. Mbegu zikaota katikati ya mtama. Mkulima mwingine angeng'oa. Mzee Yacouba aliiacha, akaitunza, akaongeza mingine. Miaka ikapita. Mahali palipokuwa pakavu kabisa pakawa na msitu wa hekta 40, yaani karibu ekari 100. Ndani yake kuna aina zaidi ya 60 za miti na vichaka. Ndege na wanyama walirudi. Wagonjwa walikuja kutafuta miti ya dawa, na Mzee Yacouba aliifahamu vizuri miti hiyo.

Katika dini yake, anayepanda mti ambao mtu au ndege hula matunda yake, huhesabiwa ametoa sadaka. Basi sadaka yake ilikuwa kubwa.

Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood huko Sweden. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimtaja kuwa Bingwa wa Dunia katika kutunza mazingira. Sisi mabwana shamba tuna vyeti. Yeye hakuwa nacho. Lakini wataalamu walisafiri kwenda kujifunza kwake.

TATIZO LA KARATASI

Jambo moja lilimsumbua sana. Mji wa Ouahigouya ulipanuka. Serikali ilipima viwanja, na msitu wake ukaingia ndani ya mpango wa mji. Nyumba zikaanza kujengwa. Mtu aliyeiponya ardhi kwa jasho lake aliambiwa kwamba akiitaka lazima atafute fedha nyingi ainunue.

Ndugu zangu, tusikie vizuri hapa. Jembe linaponya ardhi, lakini jembe peke yake haliilindi. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mwanakijiji anaweza kuomba hatimiliki ya kimila. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji mkaulize. Na majina yaandikwe vizuri, jina la mke pia, ili watoto wasije wakanyang'anywa.

TUNAWEZA KUFANYA NINI?

Kama sehemu yenu ni kavu na ardhi ni ngumu, jaribuni robo ekari kwanza. Chimbeni mashimo wakati wa kiangazi. Upana uwe sentimita 30, na kina sentimita 15 hadi 20. Kutoka katikati ya shimo moja hadi katikati ya shimo jingine iwe sentimita 80 hivi. Udongo wa juu uwekwe upande wa chini wa mteremko kama ukingo. Tieni konzi mbili za samadi iliyooza, mfunike kwa udongo kidogo. Mvua ikinyesha, pandeni.

Kazi hii ni nzito. Hekta moja ina mashimo zaidi ya 10,000. Kwa hiyo fanyeni kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Penye mvua nyingi msitumie njia hii, maana shimo litajaa maji na mizizi itaoza.

Nanyi mna faida moja ambayo Mzee Yacouba hakuipata shuleni. Mnajua kusoma na kuandika. Andikeni katika daftari siku mliyopanda, samadi mliyotia na debe mlizovuna. Mwakani mtalinganisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini Mzee Yacouba alichimba wakati wa kiangazi?
2. Mchwa walimsaidia namna gani?
3. Katika kijiji chetu, ni ardhi gani tuliyoiacha kwa sababu ni mbovu? Nani atakuwa wa kwanza kuirudia?

Mungu amrehemu Mzee Yacouba. Tukutane mwezi ujao.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.