Mkuu wa Majeshi au Mnadhimu Mkuu?

Taifa lisiloitaja historia yake kwa lugha yake huishia kuisahau. Rai hii inathibitishwa na ofisi moja ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeipa kisogo: ofisi ya juu kabisa katika jeshi la Kenya. Kwa Kiingereza, jina la ofisi hiyo limebadilika pamoja na siasa za nchi. Kwa Kiswahili, kila aliyeikalia ameitwa Mkuu wa Majeshi, basi. Mabadiliko yenyewe yamefichika.

Kabla ya Katiba ya 2010, cheo rasmi kilikuwa cha mkuu wa wanadhimu. Neno mnadhimu si geni kwetu. Latokana na nadhimu, yaani kupanga kwa utaratibu, na ndiyo maana mtunga mashairi naye huitwa mnadhimu. Wenzetu wa Tanzania wamelitumia neno hili barabara: Mkuu wa Majeshi ni mmoja, na Mnadhimu Mkuu, aliye chini yake, ni mwingine. Kule Duluti, Arusha, kipo Chuo cha Ukamanda na Unadhimu. Anayeamuru na anayepanga wametenganishwa kwa maneno mawili. Sisi tumewavika kanzu moja.

Je, tofauti hii ina uzito gani? Historia inajibu. Mnamo Januari 1964, askari wa Tanganyika, Uganda na Kenya waliasi katika wiki moja, wakilalamikia mishahara na kuendelea kuongozwa na Waingereza. Mwalimu Nyerere alilivunja jeshi lile na kuunda Jeshi la Wananchi chini ya Mrisho Sarakikya. Kenya, baada ya maasi ya Lanet, ilikwenda polepole. Hadi mwaka 1969 kiti cha juu kilikuwa bado cha Mwingereza. Joseph Ndolo, Mwafrika wa kwanza kukikalia, alijiuzulu mwaka 1971 baada ya kuhusishwa na njama ya mapinduzi. Jackson Mulinge alikuwa mkuu wa wanadhimu jaribio la Agosti 1982 lilipotokea. Mahmoud Mohamed, aliyeongoza kulizima, alimrithi mwaka 1986 na kukaa miaka kumi. Daudi Tonje, aliyefuata, ndiye aliyeweka kanuni za ukomo wa muhula. Mwaka 2000 kiti kilimfikia Joseph Kibwana, wa kwanza kutoka Jeshi la Wanamaji lenye makao yake Mtongwe, Likoni.

Yamkini msomaji atasema kwamba wote hao walitoa amri, hivyo jina la mkuu linawafaa. Ni kweli walitoa. Lakini cheo chao kiliwaweka kuwa wapangaji na washauri wa Amiri Jeshi Mkuu, ambaye ni Rais. Katiba ya 2010 ilikibadili cheo kuwa cha Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, na Julius Karangi, aliyeteuliwa mwaka 2011, akawa wa kwanza kukishika. Msomaji wa Kiswahili hakuambiwa kwamba kuna kilichobadilika.

Wako pia wanaoshikilia kwamba mambo ya jeshi ni ya Kiingereza. Hao wamesahau kwamba askari wa KAR waliamrishwa kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na kwamba Katiba hiyo hiyo imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi.

Sisi wa Utange, huku Kisauni, hatuna udhuru wa kulipuuza jambo hili. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 na jeshi lake likasambaratika, wakimbizi walipigiwa kambi papa hapa. Wenyeji waliona kwa macho yao hatima ya raia pale ambapo haijulikani tena nani anaamuru na nani anatii. Raia asiyekuwa na neno la kutofautisha mamlaka atayahoji vipi?

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, tuandikapo juu ya waliotangulia mwaka 2011, tuseme Mnadhimu Mkuu, na tueleze kwa nini. Pili, chama chetu kiwatume wanachama kwa askari wastaafu, kuanzia Kisauni hadi Likoni, wakusanye msamiati na masimulizi yao kabla hayajazikwa. Istilahi tunazo. Kilichobaki ni sisi kuzitumia.