Betri Kuukuu Haihuishwi kwa Betri Mpya

Mwandishi aliyetushauri majuzi sisi wakazi wa Kayole, Dandora na Umoja tukate waya wa stima, tutegemee jua peke yake, na betri zikichoka tuziongezee moja mpya, ameghafilika na kipupwe. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda juu ya Nairobi aghalabu mchana kutwa, na paneli za sola, zilizobanwa baina ya maghorofa, hupata nuru haba mno. Betri ya risasi ya volti 12, ambayo ikijaa na kutulia husoma takriban 12.7, hukaa wiki nzima pasi na kujaa, na maadamu haijai, chumvi ya salfa hugandamana ndani yake, hata ukifungua vizibo waona uweupe juu ya bamba, na uwezo uliopotea aghalabu haurudi. Ukiiunganisha na mpya, ile kuukuu huidhoofisha nayo.

Kweli, umeme wa taifa hauaminiki: usiku wa 25 Agosti 2023 takriban nchi nzima ilikaa kizani. Lakini hiyo ni hoja ya kuwa na vyote viwili, wala si ya kukata waya.

Fauka ya hayo, hakutaja betri zilizokufa. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru watu kwa sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Basi jirani, usikubali betri yako ipasuliwe kando ya mtaro wanapocheza watoto.