Mboga za Kanama: tule leo, tuweke za kesho



Juma hili naomba tuongee mboga. Najua kuna wenye watasema eti tuna mambo makubwa zaidi: masomo, kazi, amani kule kwetu Masisi na Rutshuru. Ni kweli. Lakini tumbo halingojei mkutano wa amani, na mwezi huu ndio mwezi wenyewe.

Tuko mwisho wa kiangazi. Mukishika barabara ya Gisenyi kwenda Musanze, mukafika Mahoko hapa Kanama, mutaziona wenyewe: karoti kwa mafungu, shu kubwa kama kichwa cha ndama, vitunguu, na lengalenga ambazo majirani wanaitaga dodo. Udongo wa volkeno hauna choyo. Siku soko limejaa, bei inaanguka, na zilizonyauka zinatupwa. Mbele kidogo mboga zinapungua, na sisi wale wale tunanunua kafungu kadogo kwa bei kubwa huku tunalalamika.

Wakati wa magunia, bei ya soko haikutuuma sana. Lakini mwaka 2014 WFP ilianza, pale kambi ya Gihembe, kutoa pesa mahali pa chakula, na njia hiyo ikaenea. Sasa sisi ni wanunuzi. Bei ikipanda, sahani inapungua. Kwa hiyo habari ya mboga si ya akina mama peke yao.

Maoni yangu ni haya: tutafute mkulima mmoja wa hapa, tukubaliane naye kabla hajapanda, tumulipe kidogo kidogo, naye atupe fungu letu kila juma. Zile zitakazotushinda kula, tuziweke.

Jambo hili si geni. Sisi tunajua likelemba, Wanyarwanda wanajua ikimina. Hii ni likelemba ya mboga. Japani walianza namna hii miaka ya 1970, wakaiita teikei. Marekani mashamba ya kwanza ya namna hiyo yalianza 1986. Na wakimbizi pia wanaweza kusimama upande wa shamba: katika jimbo la Maine, Wabantu waliokimbia Somalia wanalima pamoja mashamba yanayoitwa Liberation Farms. Hata hapa Rwanda, bonde la Misizi, wilaya ya Gisagara, wakimbizi wa kambi ya Mugombwa wanalima bega kwa bega na wenyeji.

Tuseme tuko watu 10, kila mtu franga 500 kwa juma. Ni 5,000. Kwa majuma manne, 20,000. Kwa mkulima mdogo hiyo ni pesa ya mbegu na mbolea, tena bila kukopa.

Lakini tusidanganyane. Ukilipa mbele, umekubali kugawana na mkulima bahati yake, nzuri na mbaya. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua iliua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao Mkoa wa Magharibi, na mto Sebeya ukafurika humu Rubavu, ukaharibu nyumba na mashamba. Mwaka kama huo hakuna kapu. Ndiyo maana nasema franga 500, si pesa ya kodi ya nyumba. Na ndiyo maana pia naupenda mpango huu. Mkimbizi watu wanamjuaga kama mtu wa kupokea. Mwenye fungu shambani ni mwenzake mkulima: mvua ikinyesha vibaya, wote wawili wanaangalia mawingu.

Sasa kuweka. Hapo ndipo wazee wetu, na hata vijana, wanasemaga: "Kuweka chakula ni kazi ya mtu aliye kwao. Sisi ni wapitaji, kesho tunarudi." Maneno hayo nayaheshimu, maana ndani yake kuna tumaini. Lakini tuhesabu. Kambi ya Kiziba iko tangu 1996. Watoto waliofika mgongoni mwa mama zao leo nao wanabeba watoto. Hiyo kesho imepitisha mavuno mengi sana. Kufunga lengalenga kwenye kopo si kutia sahihi kwamba hatutarudi. Hata msafiri anafunga chakula cha njiani, tena yeye kuliko wote.

Na tusiseme hatujui. Makayabo, ndagala, fumbwa kavu, jibini ya Masisi: vyote hivyo ni vyakula vilivyowekwa. Maziwa ambayo yangeharibika jioni, Masisi wanayageuza jibini inayofika mpaka Goma ikiwa nzima. Akili ni ile ile.

Lengalenga: zichague, zioshe, zitumbukize kwenye maji yanayochemka dakika mbili, zichuje, kisha zitandaze nyembamba kivulini penye upepo, zifunikwe na chandarua safi. Si juani, maana jua kali linakula rangi na vitamini A. Zikivunjika mkononi kama karatasi, tia kwenye kopo kavu linalofunga vizuri. Majani ni maji karibu sehemu 9 kati ya 10, kwa hiyo mzigo wa kilo 10 unaingia kwenye kopo la pembeni ya kitanda. Hata chumba kimoja kinatosha.

Karoti: kata majani, usizioshe, zipange kwenye ndoo kwa tabaka za mchanga wenye unyevu kidogo, zisigusane. Vitunguu: viache kivulini mpaka shingo ikauke, halafu vitundike. Viazi viwe gizani, maana vikipata mwanga vinageuka kijani na kuwa na sumu. Shu: ikate nyembamba, kila kilo 1 tia gramu 20 za chumvi, ikandamize mpaka izame kwenye maji yake. Siku chache inachachuka, na kwa maharagwe ni tamu. Onyo moja: musifunge karoti ama maharagwe mabichi kwenye chupa kwa kuchemsha tu. Humo inaweza kuota sumu isiyo na harufu, na inaua.

Na kabla ya kuweka, tule! Lengalenga mbichi kwa ndagala na mawese, pembeni bugali ya moto. Hakuna kopo linaloshinda hiyo.

Mvua za Septemba zikishika, siku za kukausha zinakwisha. Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mwezi huu tununue fungu la kwanza pamoja, moja kwa moja shambani, tukaushe. Halafu, kabla ya watu kupanda, tukae na mkulima mmoja, tuandike makubaliano kwa Kinyarwanda na Kiswahili: mboga gani, siku gani, na mvua ikiharibu tunafanya nini. Watu 10, msimu mmoja. Ikishindikana, tutaambiana wazi. Ikifaulu, Novemba mtu akigonga mlango njaa ikimuuma, hatutamwambia angoje pesa za mwezi. Tutafungua kopo.