Waraka kwa Wanachama Wanaosafiri kwa Treni za London

Kwa wanachama wote: akina mama na akina baba, vijana wetu wa vyuoni, na wageni waliojiunga nasi mwaka huu.



Kamati imenituma niwaandikie kuhusu jambo tunalolifanya karibu kila siku bila kulifikiria: kupanda andagraundi. Wengi wetu tunatoka Barking, Stratford au Leyton alfajiri, kabla watu wa ofisini hawajaamka, tukazisafishe ofisi zao au tupokee zamu ya kuwatunza wazee, na tunarudi usiku tukiwa hoi. Mtu mchovu na mtu mwenye haraka ndio wanaoumia upesi kwenye treni. Visu na mabomu tunaviogopa kwa kuwa ndivyo vinavyotangazwa, lakini wengi wanaoumia humo huumia kwa kuanguka: kwenye ngazi za umeme, kwenye ngazi za kawaida, na pale ukingoni mwa jukwaa.

Tarehe 26 Mei 2020, katika stesheni ya Waterloo, abiria mmoja alitumbukia kwenye mwanya ulio kati ya treni ya njia ya Bakerloo na jukwaa. Jukwaa hilo limepinda na mabehewa ni manyoofu, kwa hiyo kati yao hubaki nafasi inayotosha mwili wa mtu. Alishindwa kujitoa. Ilikuwa miezi ya korona, watu ni wachache, na hapakuwa na mfanyakazi kwenye jukwaa lile wala mtu aliyemwona akaweza kumsaidia. Treni ikaondoka naye akiwa mle, ikamponda, iliyofuata ikamgonga. Hapakuwa na kisu wala bomu. Ulikuwa mwanya tu, ule ule tunaouvuka macho yakiwa kwenye simu.

Majukwaa yaliyopinda yako pia Bank kwenye njia ya Central, na Embankment. Wanachama waliokulia pwani wanajua kwamba mtu hashuki mashuani bila kutazama anapoweka mguu. Basi tufanye vivyo hivyo tukishuka treni, hasa ukiwa na mtoto mkononi au mzigo kichwani. Mtoto ashikwe mkono, si ncha ya shati. Na ukisubiri, simama nyuma ya mstari wa manjano hata kama wenzako wameupita. Katika vituo vya njia ya Jubilee kutoka Westminster hadi North Greenwich, na vile vya chini ya ardhi vya njia ya Elizabeth kutoka Paddington hadi Woolwich, kuna ukuta wa vioo wenye milango inayofunguka treni ikishafika. Kwingine kote kinachokukinga ni huo mstari na akili yako.

Sasa niwaombe dada zetu na mama zetu wanisikilize kwa makini. Mwezi Februari 2014, katika stesheni ya Holborn, skafu ya abiria mmoja ilinaswa na milango ya treni iliyokuwa ikifungwa. Treni iliondoka naye, akaburutwa jukwaani kuelekea kwenye handaki. Mfanyakazi aliyekuwa karibu alimshika, wote wawili wakaanguka chini, na skafu ikachomoka shingoni kwa nguvu ikaenda na treni. Yule abiria aliumia shingo na mgongo, lakini alipona. Milango ile hutambua kitu kinene. Kitambaa chembamba kinaweza kuipita bila dereva kupata ishara yoyote. Mitandio yetu, mikanda ya mikoba, ncha za buibui na kanga, vyote ni vitambaa vyembamba. Vikusanyeni kifuani kabla ya kupanda. Na milango ikianza kulia, acheni treni iende. Mchana, katikati ya mji, nyingine huja baada ya dakika chache. Hakuna meneja wala mwajiri anayestahili shingo yako.

Kwenye ngazi za umeme, nguo ndefu inyanyuliwe kidogo, hasa pale ngazi zinapojilaza na kuingia chini ya bamba la chuma. Ndala na viatu laini vya plastiki hunaswa pembeni, na vidole vya watoto vimo ndani yake. Simama kulia, shika mkono wa ngazi. Kigari cha mtoto kipelekwe kwenye lifti, hata kama lifti iko mbali. Na kwenye stesheni isiyo na lifti, omba msaada. Mtu akianguka au nguo ikinaswa, juu na chini ya kila ngazi kuna kitufe chekundu cha kuizima. Piga kelele ili waliosimama washike mkono wa ngazi, kisha kibonyeze. Hutashtakiwa kwa kuzima ngazi iliyokuwa ikimla mtu.

Reli za andagraundi ni nne, na mbili kati yake zinapitisha umeme wa zaidi ya volti 600. Simu ikikuponyoka ikaangukia humo, iache hapo hapo na umwite mfanyakazi. Wafanyakazi wana vifaa vya kuiokota.

Nakuja kwenye lile linalonisukuma zaidi kuandika. Sisi ni watu wa haya. Tumelelewa tusipaze sauti mbele za watu, na ugeni umetuzidishia ukimya: mtu anaona moshi ananyamaza, binti anashikwashikwa kwenye msongamano ananyamaza, mzee anaona kizunguzungu naye anakaza meno hadi anadondoka. Ukimya huu unatuumiza. Kila stesheni ina kituo cha kuombea msaada chenye kitufe cha kuzungumza na mfanyakazi. Anayekujibu kazi yake ni usalama wa stesheni, si uhamiaji, na Kiingereza cha kuungaunga kinamtosha. Kwa jambo lisilo la hatari ya papo hapo, kama vile kushikwashikwa, kutukanwa kwa sababu ya hijabu au rangi, au mtu anayekufuatafuata, unaweza kuwatumia Polisi wa Reli ujumbe wa simu kwa namba 61016, kimya kimya, ukiwa umekaa pale pale. Andika njia, stesheni inayofuata na sura ya mtu huyo. Kukiwa na hatari ya sasa hivi, ni 999. Mabinti zetu wasiambiwe wavumilie. Kosa ni la aliyewashika.

Mnaofunga Ramadhani, na wote wenye sukari au shinikizo la damu: treni za jioni zina joto hata wakati wa baridi. Ukiona macho yanaingia giza, usisubiri kituo chako. Shuka kinachofuata, kaa chini, mwambie mtu. Kufuturu kwenye benchi la stesheni hakumpunguzii mtu thawabu.

Kengele ya dharura iliyo ndani ya behewa inahitaji maelezo, kwa sababu inaeleweka vibaya. Ukiivuta treni ikiwa kati ya vituo, kwa kawaida dereva huendelea hadi kituo kinachofuata, kwa kuwa msaada uko jukwaani, wala haupo handakini. Tarehe 5 Mei 2023, pale Clapham Common, abiria waliona moshi na harufu ya kuungua wakavuta kengele. Treni ikasimama sehemu yake ikiwa jukwaani, milango haikufunguliwa, na hawakuelezwa upesi kinachoendelea. Hofu ikawashika, wakavunja vioo, na takriban watu mia moja wakatokea madirishani na katikati ya mabehewa. Hapakuwa na moto. Siwalaumu, kufungiwa bila maelezo kunatisha. Ila nasi tukikutwa na hayo, tuzungumze na dereva kupitia kipaza sauti kilicho penye kengele, tumweleze tunachokiona, na tusiruke kwenye reli zenye umeme.

Moto wenyewe si hadithi. Tarehe 18 Novemba 1987, King's Cross, watu 31 walikufa kwa moto ulioanza chini ya ngazi ya umeme ya mbao, kutokana na kiberiti kilichotupwa. Uvutaji wa sigara ulikwisha kupigwa marufuku katika stesheni ile, lakini watu walikuwa na mazoea ya kuwasha wakiwa njiani kutoka. Ngazi za mbao zimeondolewa. Mazoea ya watu hayaondolewi na fundi.

Kuhusu vibaka, sina mengi. Hupenda kusimama mlangoni, wakupore simu milango inapofungwa. Usikae pale ukiwa umeishikilia.

Kila nyumba iweke namba 61016 kwenye simu leo, za watoto nazo. Na anayempokea mgeni kutoka nyumbani ampandishe treni mwenyewe siku ya kwanza, amwonyeshe mwanya, kitufe chekundu na kituo cha msaada kabla ya kumwonyesha Big Ben.

Katibu, kwa niaba ya kamati