Mkono wa Roboti: Kabla Umwage Doo Luthuli, Soma Hii

Tangu Gredi ya 10 ianze Januari 2026, STEM imekuwa stori ya kila mtaa. Kama wewe ama kijana wako mnataka kuunda mkono wa roboti, tulia kwanza kabla ushuke Luthuli Avenue.

Macho hukimbilia seti ya viungo sita. Ni moto kwa picha, lakini kwa anayeanza, servo nne zinatosha: kuzunguka, bega, kiwiko na kushika.

Shida ni nguvu. Servo ndogo ya SG90 mwisho wake ni karibu kilo 1.8, mzigo ukiwa sentimita moja kutoka kwa shafti. Usogeze hadi sentimita 18, inabaki gramu 100, na bado hujahesabu uzito wa mkono wenyewe. So fupisha mkono, ama uweke MG996R pale kwa bega.

Pia usivutie servo zote stima kutoka kwa Arduino. Itajizima na kujiwasha, ukidhani programu yako ndiyo mbovu. Tumia adapta kando ya volti 5, kisha uunganishe graundi zote.

STEM haishikwi kwa kutazama slaidi, msee. Afadhali mkono wa kadibodi unaoinua kifuniko cha soda kuliko wa doo mob unaolala kwa kabati.