Ufa Usiozibika

Tumelelewa na methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini zipo nyufa zisizozibika. Aliyeko Ilemba, chini katika bonde la Rukwa, akiinua macho huuona ukingo wa Ufipa umesimama kiasi cha mita 1,000 juu yake. Katika ukuta wa mawe, ufa mpana si wa kuziba. Ni njia, kwa anayejua kuupita.

Wapo wasemao kupanda miamba ni mchezo wa Wazungu wasio na kazi. Siwaungi mkono. Ni kweli kwamba Januari 1929 Waingereza Eric Shipton na Wyn-Harris ndio waliofika Nelion, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,188. Lakini Nelion, na Batian jirani yake, ni majina yaliyotokana na malaibon wa Kimaasai. Majina yametoka kwetu, mlima ni wetu. Kwa nini basi maarifa tuwaachie wageni? Kijana wetu anayemfuata mbuzi aliyekwama jabalini hachezi, naye hana aliyemfundisha.

Wengine hudai kuwa kinachotakiwa ni nguvu za mikono. Hao ni wa hatari zaidi, kwa maana kijana huwaamini. Ufa mwembamba hushikwa kwa vidole au kwa ngumi. Ufa mpana kuliko ngumi hauna pa kushika, na anayejivuta kwa mikono huchoka kabla hajafika popote. Hapo mwili mzima ndio kabari. Mkono mmoja hukunjwa ndani ya ufa, kiganja kikisukuma ukuta wa mbele na bega likikaza ule wa nyuma. Mguu wa ndani hupachikwa kisigino upande huu, vidole upande ule. Miguu ndiyo inayoinua. Mikono huzuia tu usiteleze. Ukiwa ufa wa kuingia mtu mzima, mgongo hukaa ukuta mmoja na nyayo ukuta wa pili. Unapanda shubiri moja, unapumzika, unapanda nyingine. Mwoga hujisukumiza ndani kabisa akidhani ndiko kwenye usalama, kumbe huko ndiko anakokwama.

Nguvu bila utaratibu haisaidii hapo, na nguvu ndiyo tunayowasifia vijana tangu utotoni. Wahenga walionya: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Kwa hiyo nasema waziwazi: mafunzo haya yaingie katika michezo ya shule na katika skauti, kwenye jiwe fupi, kwa kamba nzima, mbele ya mtu anayeijua kazi. Asiyetaka yafundishwe kwa kuwa ni ya kigeni na atuambie yeye atamfundisha nini yule mchunga mbuzi; maana mbuzi watakwama tena, na kijana atawafuata.